Salma, mambo ya jikoni kabla hujafika London

Mdogo wangu Salma,

Salamu nyingi, na Mama mfikishie shikamoo yangu. Maadam viza imetoka na kazi utaanzia kwenye nyumba ya Kiyahudi hapa Golders Green, shika haya mapema. Kujua halali hakutoshi. Ngamia, kamba na pweza kwetu ruksa, kwao haramu. Samaki lazima awe na mapezi na magamba.

Sufuria, visu, mbao za kukatia, hata sponji, vya nyama ni mbali na vya maziwa. Mboga, mayai na nafaka huitwa parve, huenda na upande wowote. Baada ya nyama wengi husubiri muda wa saa 6 ndipo waguse maziwa, kwa hiyo chai ya maziwa baada ya pilau isahau.

Kinachowaponza wageni ni kitunguu. Ukikikata kwa kisu cha nyama, hata kama kisu kinang'aa kwa usafi, ule ukali wake huvuta ladha ya nyama iliyoingia kwenye chuma. Kitunguu hicho sasa ni cha nyama, hakitiwi tena kwenye chakula cha siagi. Saumu nayo ni hivyo hivyo. Vikate kwa kisu cha parve.

Nyama ya bucha la kosha, yaani halali ya Kiyahudi, kwa kawaida huja imeshatiwa chumvi. Ikiwa bado: iloweke nusu saa, ichuje, inyunyizie chumvi ya chenga pande zote, uilaze saa nzima kwenye ubao ulioinama ili damu itiririke, kisha isuuze mara 3. Chumvi laini huyeyuka kabla haijavuta damu. Maini hayatoshwi na chumvi; huchanjwa na kuchomwa juu ya moto. Yai lipasulie kwenye glasi kwanza, ukiona damu limwage.

Jiko usiwashe wewe, awashe mwenye nyumba. Wenye asili ya Kisefardi, yaani Wayahudi ambao asili yao ni Uhispania na Ureno, hutaka pia ateleke sufuria kwa mkono wake.

Na hili Salma nakuusia sana: maziwa yakidondokea mchuzi wa nyama, usikoroge, usifunike, usioshe. Mwite mwenye nyumba papo hapo. Yeye atampigia rabi, mwanachuoni wao wa dini, naye atauliza: sufuria ilikuwa ya moto? Mara ya mwisho ilipikiwa lini, saa 24 zimepita? Mchuzi ni mara 60 ya maziwa yale? Ukishapitisha sabuni, hakuna wa kumjibu, na sufuria nzima yaweza kutupwa.

Dada yako,
Mwanaidi