Jani la mahindi na jicho lako

Sakina, Arusha
Jumatano jioni

Mpendwa Elisante,

Salamu kwenu wote huko Kibosho. Jani la mahindi limekuchapa jichoni Jumamosi, ukanunua matone duka la dawa, sasa maumivu yamepungua ila unaona ukungu. Pole sana. Huo ukungu ndio ulionifanya nikuandikie usiku huu huu.

Chukua kichupa usome maandishi madogo. Ukikuta deksamethasoni, prednisoloni au betamethasoni, usidondoshe tena mpaka daktari akuone. Hizo ni steroidi. Zinatuliza wekundu na maumivu, na wewe unadhani umepona, kumbe fangasi aliyeingia na lile jani anaendelea kuchimba kwa raha zake. Majani na matawi ya shambani ndiyo mlango wake mkubwa. Fangasi huenda polepole, ndiyo maana watu wanamdharau. Bakteria aitwaye Pseudomonas hana subira hiyo: anaweza kutoboa jicho ndani ya siku mbili.

Anatoboa nini? Konea, kile kioo cha mbele kinachofunika mboni. Katikati unene wake ni kama nusu milimita tu. Haina mishipa ya damu, ndiyo maana mwanga unapita, lakini ndiyo maana pia kinga ya mwili huchelewa kufika pale.

Simama dirishani mchana na kioo cha mkononi. Tafuta kidoa cheupe au cha kijivu juu ya ule weusi wa jicho. Kisha tazama chini, nyuma ya konea: usaha ukishajikusanya, hutuama kama machicha chini ya glasi, juu umenyooka kama mstari. Ukiuona huo, usingoje hata chai. Usipoona kitu, nenda vilevile, maana kidonda kidogo hakionekani kwa macho matupu.

Pale hospitali ya KCMC, Moshi, watakudondoshea rangi, wamulike kwa taa ya buluu. Penye kidonda panang'aa kijani. Watakukwangua kidogo, baada ya dawa ya ganzi, wapime ni mdudu gani. Akiwa fangasi, dawa yake ni natamaisini ya asilimia 5, na mwanzoni hudondoshwa kila saa, hata usiku. Matibabu huchukua wiki kadhaa. Yachoshe yanavyochosha, usikatishe.

Ukiacha, konea huyeyuka na kutoboka, maji ya ndani yavuje, vijidudu vipate njia ya kuingia. Wengine huishia kuondolewa jicho lenyewe. Presha ya jicho nayo hupanda. Hata kidonda kikifunga, kovu likikaa katikati, miwani haisaidii kitu, inabaki kupandikizwa konea ya mtu aliyefariki. Na mishipa ya damu ikishaota ndani ya kovu, mwili huikataa hiyo konea mpya kwa urahisi zaidi.

Mama mkwe asikutilie maziwa ya mama, maji ya majani wala mkojo. Najua atajaribu. Usilifunge jicho kwa kitambaa, usilisugue.

Nenda kesho asubuhi, na hicho kichupa mfukoni. Usiende peke yako. Wanaweza kukulaza kwa ajili ya hayo matone ya kila saa, na usiku mtu wa kukuamsha anahitajika. Beba na sweta.

Wako,
Anande