Chumba cha wakfu kiwe cha vitabu

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo gazetini mwako niseme na wanakijiji wenzangu hapa Pemba, na wengine huenda yakawahusu.

Kijijini kwetu mzee mmoja alifariki, na warithi wake wakakubaliana chumba cha mbele, kile chenye baraza inayotazama msikiti, wakitoe wakfu kwa manufaa ya watu. Mungu awalipe. Sasa sisi tuliopewa ndio tunaogombana. Walio wengi wanataka kiwe cha kuwekea viti na masufuria ya kukodisha kwenye harusi na khitima. Wachache tunataka kiwe maktaba. Kwenye kikao kilichopita kijana mmoja alisimama, akainua simu yake juu, akasema: "Maktaba hii hapa!" Watu wakacheka. Hata mimi nilicheka, maana alilisema vizuri. Lakini sikukubaliana naye, na usiku ule sikulala vizuri.

Mimi ni fundi wa mashine za boti. Kidato cha nne nilianguka, tena vibaya. Nyumbani tulikuwa watoto wanane katika vyumba viwili, na msimu wa karafuu hata sakafu haikuwa yetu: ukirudi skuli unakuta majamvi na magunia, na watu wamekaa duara wanachambua makonyo mpaka saa nne za usiku kwa koroboi moja. Pa kufungulia daftari hapakuwepo. Sisemi hiyo ndiyo sababu pekee. Mpira nao ulikuwa na fungu lake.

Baada ya matokeo nikapelekwa kwa fundi. Alikuwa mtu mwema, mkono wake mwepesi, lakini ukimuuliza kwa nini hiki hufanywa hivi, jibu lake lilikuwa moja: ndivyo tulivyokuta. Oili aliimimina kwenye petroli kwa kukadiria kwa jicho. Siku moja mashine ya mvuvi ikazimika baharini, ikabidi avutwe na wenziwe hadi ufukweni. Tulipoifungua, pistoni imeng'ang'ania ndani, imechubuka kama goti la mtoto. Mvuvi alitutukana, na haki yake.

Wiki ile ile nilikwenda Chake Chake kutafuta vipuri. Mvua ikanikamata njiani, nikaingia maktaba kujikinga. Hayo ndiyo yaliyonipeleka, mvua tu. Nguo zangu zina grisi, nikajua nitaambiwa nitoke. Mama aliyekuwa mezani akaniuliza, "Unatafuta nini, mwanangu?" Niliona haya kumwambia nakimbia mvua. Nikasema: kitabu cha mashine.

Akaniletea. Kilikuwa cha Kiingereza, na Kiingereza changu ni cha kuokoteza, lakini kilijaa michoro. Nikafuata mishale kwa kidole. Kumbe mashine ya mipigo miwili, kama ile ya mvuvi wetu, haina bakuli lake la oili pale chini kama la gari. Petroli na hewa hupita humo humo chini ya pistoni, kwa hiyo oili haina budi isafiri ndani ya petroli yenyewe, kwa kipimo. Ikipungua, chuma kinasuguana na chuma. Kumbe kulikuwa na sababu, na mtu alikwishaiandika zamani huku sisi tunaharibu mashine za watu. Nilikaa hadi wakati wa kufunga, mvua imeshakatika zamani. Katikati ya kurasa nilikuta kikonyo kikavu cha karafuu, mtu kakiweka kuwa alama. Nikakiacha palepale.

Tangu hapo kila nikifuata vipuri nilipita. Nilisoma na yasiyohusu mashine, hadithi za Said Ahmed Mohamed zikiwemo, na nikashangaa kwamba mtu aliyezaliwa Pemba hii hii jina lake liko kwenye jalada. Wakati huo sikuwa mwanafunzi wa mtu, wala sikuwa na mtihani mbele yangu. Ndiyo maana hunikera nikisikia maktaba ni ya watoto wa skuli. Mtoto wa skuli ana mwalimu. Aliyeanguka ana nani?

Simu ninayo, na naitumia. Mwanangu pia hutazama humo video za mafundi, akifika katikati bando limekwisha au amehamia kwenye mpira. Tena simu haikupi meza wala kimya. Umeme ulipokuja kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga mwaka 2010 ulituondolea koroboi, ukatuletea televisheni na spika. Nyumba zetu zina mwanga sasa, lakini kelele ndizo zimezidi.

Mzee mmoja alisema wakfu ni wa msikiti na maji, si wa vitabu vya hadithi. Namheshimu, lakini nimkumbushe Sayyid Barghash, aliyekuwa Sultani wa Zanzibar. Kila mtu anamsifu kwa maji aliyoyapeleka mjini Unguja kutoka chemchem. Ni wachache wanaokumbuka kwamba alileta pia mtambo wa chapa, ukapiga chapa vitabu vya fiqhi, yaani sheria za dini. Hakuona kwamba ukishatoa maji umemaliza.

Kweli, viti vya kukodisha vinaingiza pesa na maktaba haiingizi. Inataka mtu wa kukaa, na kila siku upigane na mchwa na ukungu. Basi viti na masufuria viwekwe ua wa nyuma, tujenge banda la makuti. Chumba kifunguliwe baada ya Alasiri mpaka baada ya Isha, wakati watu wameshatoka shamba na pwani.

Walioko Unguja wenye vitabu vya kutoa, watie kwenye meli, nitavipokea mwenyewe bandarini Mkoani. Ila tafadhali msitutumie vile vya mtaala uliokwishafutwa, vya namna hiyo tunavyo tele.

Kikao kingine ni Ijumaa baada ya sala. Rafu nimeshaanza kuzipiga kwa mbao za mashua kuukuu. Ya kwanza imepinda kidogo.

Fundi wa boti,
Mkoani, Pemba