Kitendawili kina mtegaji

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika ukurasa wako wa barua. Jumanne gazeti lako liliandika kwamba maji ya mtaani kwetu "yamebaki kitendawili". Alhamisi, habari ileile, yakawa "fumbo". Kufika Jumapili yalikuwa "kizungumkuti". Na sisi muda wote huo tuko na madumu.

Baba yangu alikuwa mvuvi. Mshipi ukijisokota ndani ya ngalawa, alisema umetata. Hakumlaumu mtu. Aliketi, akatafuta ncha, akautatua kwa kucha, siku nyingine mpaka adhuhuri. Tatizo, utata na kutatanisha vyote vimezaliwa humo. Na hiyo -ua ya tatua ndiyo ileile ya kufunga na kufungua, kuziba na kuzibua. Kwa hiyo tatizo ni uzi, halina mwenyewe.

Fumbo si hivyo. Limetokana na kufumba, na pakifumbwa kiganja pana mwenye kiganja. Anajua alichoshika. Wewe ndiye unayetakiwa kufumbua.

Kitendawili ndicho kabisa. "Kitendawili!" "Tega!" "Nyumba yangu haina mlango." Yai. Anayetega jibu analo tangu hajafungua mdomo. Mtoto akitega asichokijua, wenzake watamzomea mpaka akalale. Mkishindwa anawadai mji. Mnampa Tanga, anakataa. Mnampa Mombasa, anaridhika, anawasimulia alivyofika huko akala, akanywa, akapokewa kwa vifijo, nanyi mnasikiliza tu kwa kuwa mmeshindwa. Akimaliza majisifu yake ndipo anawapa jibu.

Sasa, Mhariri, mnaposema maji ni kitendawili mna maana gani? Kama bomba limepasuka chini kwa chini na mafundi hawajaona ni wapi, huo ni mshipi umetata; andikeni tatizo, tutasubiri. Lakini kama neno mmelichagua kwa kujua, basi yuko aliyetega, na jibu analo mfukoni. Mwandishi wenu amtafute atuletee jina. (Kizungumkuti nawaachia wenyewe. Kila nikilisoma nakiona kichwa cha mwandishi kinazunguka, si maji.)

Akimpata, amwambie pia kwamba sisi huku mji tumeshampa, tena si mmoja, na safari zake zote tumezisikiliza.

Msomaji wako wa siku nyingi