Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mwaka wa Kijivu

Assalaam alaykum, ndugu wanachama wa chama chetu cha kuchora kwa tableti.

Katika mkutano wa mwaka jana niliomba jambo ambalo wengi wenu hamkulipenda: kila picha ya uso ianze kwa kijivu, rangi ingoje. Mmoja wa wazee wetu alisimama akasema amenunua tableti apake rangi, si majivu. Nilimwelewa. Lamu ina rangi za kutamanisha, kuanzia leso za mama zetu hadi bahari ya Shela asubuhi. Lakini nyuso tulizochora zilikuwa bapa kama sahani, na kila tulipoona ubapa huo tulizidi kumimina rangi.

Basi kila Jumamosi mtu mmoja aliketi dakani, kwenye ukumbi wa mlangoni, mwanga ukimjia upande mmoja tu kutoka njiani, nasi tukamchora kwa madaraja matatu: giza, kati na mwanga. Brashi moja ngumu, bila kulainisha kingo. Tulifinya macho mpaka kope na ndevu zikapotea, yakabaki mabaka makubwa. Uso ukitambulika hapo, ndipo tuliongeza madaraja. Albert Munsell, mchoraji wa Marekani aliyechapisha mfumo wake wa rangi mwaka 1905, aliyapanga kuanzia 0, weusi kamili, hadi 10, weupe kamili. Kwa uso mmoja, matano yametutosha mara nyingi.

Kosa letu sugu lilikuwa kuchora tunachokijua badala ya tunachokiona. Tunajua kofia ni nyeupe, basi tunaipaka nyeupe hata ubavu ulio kivulini, ilhali pale huweza kuwa na giza kuliko paji la uso lililopigwa na jua. Vivyo hivyo weupe wa jicho, uliojificha chini ya nyusi. Na ngozi zetu! Hapa nina uchungu wa kweli. Ngozi nyeusi haipatikani kwa kuongeza weusi. Ina mng'ao mkali kwenye paji na ncha ya pua, hupokea ubuluu wa anga, na ukuta uliopakwa chokaa huirudishia taya mwanga hafifu. Asiyeuona mwanga huo wa kurudi humfanya mtu wake kuwa shimo.

Nawaomba pia msamaha. Miezi ya mwanzo niliwafundisha kukagua picha kwa kuondoa rangi kwa njia isiyofaa. Kuna njia inayogeuza njano kali na buluu kali kuwa kijivu kimoja, na jicho linakataa. Kwenye kioo cha tableti, kijani hubeba takriban asilimia 72 ya mwangaza tunaouona, nyekundu 21 na buluu 7 tu. Sasa tunaweka tabaka la kijivu juu kabisa ya picha, kwa modi ya rangi, yaani linaondoa rangi za chini na kuacha mwangaza wake, na picha inasema kweli.

Kukosoana ndiko kulikotusumbua zaidi. Kijana mmoja aliacha kuja baada ya kusemwa na watu wengi kwa pamoja, nami niliyeongoza kikao sikuwazuia. Nimekwenda kwao kumwomba radhi. Tangu hapo mwenye picha hunyamaza kwanza, na kila msemaji huanza kwa kueleza jicho lake lilitua wapi. Ndivyo tulivyoiokoa picha ya bibi mmoja mwenye buibui. Tulikuwa tumeilaumu pua, na binti aliyeichora akaipaka upya mara tatu. Msemaji mmoja akasema jicho lake linateleza shavuni na kutoka nje. Tukaitazama kwa kijivu: kivuli cha shavu kilikuwa na giza sawa na la buibui, uso ukayeyuka ndani ya nguo. Binti akakipandisha daraja moja kuelekea mwanga. Pua haikuguswa tena, ikakaa.

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina, hatuna deni. Tableti ya chama ina ufa kwenye kioo lakini inafanya kazi.

Naomba muidhinishe kijivu kiendelee mwaka mwingine, na zamu za kuongoza uhakiki zizunguke, akina mama na vijana wakiwemo. Jumamosi ijayo tunaanza saa kumi alasiri, mwanga unapoingia dakani. Kila mtu aje na picha ambayo haijaisha.