Zana za bure zinamaliza bando la mwalimu, tuzigawane kwa flashi

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nizungumze na walimu wenzangu wa shule za kata, na zaidi ya hao, na wanaotusimamia.

Nafundisha Hisabati na Fizikia hapa Rungwe. Kishikwambi changu ni kati ya vile vilivyotumika kwenye Sensa ya Watu na Makazi ya 2022, kisha vikagawiwa walimu. Kwa muda mrefu kilikaa kabatini, kikitoka tu nikitaka kusoma matangazo ya kundi letu la WhatsApp. Januari mwaka huu nikaazimia kwamba muhula hauishi kabla sijajua kinaweza kunisaidia nini darasani, nikaanza kutafuta zana za mtandaoni ambazo wenyewe wanasema ni za bure.

Bure hiyo niliilipia. Bando la shilingi 3,000 liliisha usiku mmoja kwa kutazama video za maelezo tu. Programu moja ya kupanga vipindi ilinifurahisha mwanzoni, siku ya 14 ikadai namba ya kadi ya benki. Nyingine ilitaka majina kamili ya wanafunzi, tarehe zao za kuzaliwa na namba za simu za wazazi kabla haijanionyesha chochote. Hiyo niliifuta palepale. Mzazi amenikabidhi mtoto nimfundishe, hajanipa ruhusa ya kupeleka habari zake nisikokujua, na tangu 2022 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Wenzangu, tuwe macho hapo. Majaribio ya kujibu mtandaoni sikufika nayo mbali: mwanafunzi haruhusiwi kuja na simu shuleni, na ya nyumbani ni ya baba, tena ya kitochi.

Lakini zipo zilizonisaidia kweli. GeoGebra, programu ya kuchora grafu na maumbo ya hisabati, aliianzisha Markus Hohenwarter mwaka 2001 akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu huko Salzburg, Austria, na ukishaipakua inafanya kazi bila intaneti. Kila mwaka nikifika kwenye mlinganyo wa mstari, y = mx + c, nachora ubaoni mistari mitatu au minne, na bado wapo wanaodhani m na c ni herufi za kukariri. Safari hii niliazima projekta sekondari ya jirani. Nikaweka kitelezi cha m, yaani alama ya kusogeza inayobadilisha mwinuko wa mstari, nikakisogeza taratibu, mstari ukaanza kuinuka mbele ya macho yao. Binti mmoja kutoka nyuma akasema, "Mwalimu, hapo gari linapanda kutoka Kyela!" Nikairudisha m hadi sifuri. "Sasa tuko Kyela penyewe, tambarare." Nikaipeleka kwenye hasi, darasa zima likaniambia gari linashuka. Dakika zile tuliongea Kiswahili. Istilahi za Kiingereza za mtihani zilikuja baadaye, zikakuta picha imekwisha kaa kichwani. Kwa darasa la mkondo wa pili umeme ulikatika, tukazungusha kishikwambi kundi kwa kundi, na somo likaenda.

Kwenye Fizikia nilikuta majaribio ya PhET, ya kuigiza kwenye kioo cha kifaa, ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, Marekani, kazi iliyoanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, aliyekuwa amepata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka mmoja kabla. Baadhi yamefasiriwa kwa Kiswahili. Maabara yetu ina ammita, vipimo vya mkondo wa umeme, mbili nzima kwa darasa la wanafunzi 72. Kwenye jaribio la saketi mtoto anaunganisha waya, betri na balbu kwa kidole, na akiiunganisha betri ncha kwa ncha bila balbu, moto unawaka kwenye kioo. Wote walitaka kuuona moto ule, na wote wakaelewa shoti ni nini. Sisemi jambo hili lichukue nafasi ya ammita. Mtoto lazima ashike waya halisi. Ila aliyekwisha kosea mara kumi kwenye kioo hapotezi zile dakika chache anazopata kwenye meza ya maabara.

Kilichonipa faida kubwa kuliko vyote hakikubaki hata kwenye kishikwambi. Anki ni programu ya kadi za kukumbushia: ulichokijua kinarudi baada ya siku nyingi, ulichokosea kinarudi kesho. Nilitengeneza kadi za istilahi, upande mmoja neno la Kiingereza la kitabuni, upande wa pili maana yake kwa Kiswahili, kwa sababu watoto waliosoma kwa Kiswahili hadi darasa la saba wanakwama kwenye neno la swali kabla hawajaifikia hesabu. Sasa kishikwambi kimoja, watoto 72, utafanyaje? Nikazidi kusoma, nikakuta mbinu ya namna hiyo ilikuwepo kwenye karatasi. Sebastian Leitner aliieleza miaka ya 1970, kwa kadi na kisanduku chenye vyumba. Tukakata manila. Mama mmoja muuza viatu hapo stendi akatupa maboksi, kila kundi la wanafunzi sita likapata lake, lenye vyumba vitatu: cha kila siku, cha Jumatano na Ijumaa, na cha Ijumaa peke yake. Kadi ukiipata inasonga mbele, ukiikosa inarudi chumba cha kwanza. Wanafanya dakika 10 kabla ya kipindi cha kwanza. Yupo kijana ambaye tangu kidato cha kwanza alikuwa anaacha wazi maswali yote ya maelezo. Kwenye jaribio la Machi aliyajibu yote matano, akapata matatu. Nililitunza karatasi lile.

Matokeo nayo sasa nayajumlisha kwa LibreOffice, programu ya bure ya majedwali na maandishi, kwenye kompyuta ya ofisi, nalala saa nne badala ya saa saba usiku.

Ombi langu ni hili. Programu hizi na majaribio yake vinaenea kwenye flashi moja ya GB 16, na wenyewe wanaruhusu vigawiwe kwa kufundishia. Mimi nimevipakua kwa bando langu. Mwalimu wa Isongole atavipakua kwa bando lake, wa Kandete kwa lake, wa Lwangwa kwa lake, vitu vilevile. Vituo vya walimu tunavyo. Kompyuta moja ya kituo ikihifadhi nakala, shule yenye intaneti ikapewa jukumu la kuzipakua upya kila muhula, mwalimu atabeba flashi yake na kuondoka na kila kitu bila kutoa shilingi. Kwenye MEWAKA, yaani mafunzo endelevu ya walimu kazini, tunakutana katika jumuiya za ujifunzaji. Maafisa elimu kata wakikubali, nusu saa ya kikao itoshe kunakili na kuonyeshana kimoja kinavyotumika, siyo kusikiliza maelezo tu.

Katani kwetu naanza mwenyewe. Kila Jumatano baada ya vipindi, kuanzia saa 9 alasiri hadi saa 11 jioni, nitakuwa ofisi ya walimu. Mwenzangu aje na kishikwambi chenye chaji na waya wa kuunganishia flashi. Na maboksi ya kadi atayaona darasani.

Mwalimu wa sekondari,
Tukuyu, Mbeya