Binamu, mara hii hakuna wa kukuapisha

Binamu,

Simu zangu hushiki, na mlango wako wa Kaptembwa, hapa Nakuru, nimeubisha mara mbili nikajibiwa na redio. Basi naandika hapa hadharani bila kukutaja jina. Utajijua.

Nianze na usilolijua. Krismasi ile shangazi alipokukalisha sebuleni, wazee upande huu, mchungaji upande ule, ukaapa kwamba pombe hutaigusa tena, mimi ndiye niliyekushikia Biblia. Sasa sikia: mfuko wa ndani wa koti langu ulikuwa na kachupa, na nusu yake nilikuwa nimeimaliza chooni kabla ya maombi. Walinifanya mfano wa kuigwa kwa sababu nilikuwa na kazi na shati lililopigwa pasi. Wewe ulianguka kabla ya Mwaka Mpya, mtaa mzima ukajua. Mimi nilianguka usiku uleule na hakuna aliyejua.

Nimeapa sana, binamu. Kwa mke wangu, kwa bosi, na kwa kioo cha bafuni asubuhi mikono ikitetemeka, nikitafuta cha kutoa loki, ule uchovu wa pombe ya jana. Ubaya wa kiapo ni kwamba kikivunjika saa nne asubuhi, siku yote iliyobaki unajipa ruhusa. Si kimeshavunjika?

Aliyenielekeza kwenye kikundi cha watu wanaosaidiana kuacha pombe ni muuguzi. Aliandika siku na saa nyuma ya bahasha ya dawa, akasema nisitafute bango kwa sababu hakuna. Wiki ya kwanza nilikosea siku. Niliingia ukumbini nikakuta kwaya inafanya mazoezi, kiongozi akaniuliza, "Wewe ni sauti ya tatu au ya nne?" Kwa aibu nikasema ya nne, nikaimba beti mbili. Wiki ya pili siku ilikuwa sawa, ila lango nililipita mara tatu, nikanunua hindi la kuchoma ambalo sikulila.

Mkutano huanza saa kumi na moja jioni. Saa ileile ambayo sheria ya Mututho, ile ya kudhibiti pombe ya 2010, iliruhusu baa kufunguliwa siku za kazi. Sijui kama walipanga hivyo, lakini kwangu hiyo ndiyo saa ngumu kuliko zote.

Ni AA, yaani Alcoholics Anonymous. Waliokuwamo sikutajii; ya mle hubaki mle. (Utakuta nyuso unazozijua. Nao wataikuta yako.) Jina la kwanza linatosha. Mtu anasema, "Mimi ni fulani, mlevi," na hakuna anayeshtuka. Ukizungumza hukatizwi. Ukinyamaza, hulazimishwi. Nilinyamaza mikutano minne. Kikapu kinapita kwa ajili ya chai na ukumbi, nawe ukiwa huna kitu unakipitisha tu kwa jirani. Mungu anatajwa, ndiyo, ila kila mtu kwa kadiri anavyomwelewa, kwa hiyo usije na hofu kwamba ni sebule ya shangazi tena.

Na hawaapishi. Nilingoja Biblia itolewe, haikutolewa. Sharti ni moja, uwe na hamu ya kuacha kunywa. Wanachouliza ni leo tu, kesho ina mkutano wake. Yupo aliyeanguka mwezi wa tatu akarudi Alhamisi iliyofuata, akasema ukweli, akamiminiwa chai. Mimi nililia kuliko yeye.

Chama hiki kilianzia Akron, Marekani, 1935. Bill, mfanyabiashara kutoka New York, alikuwa hotelini baada ya biashara kumharibikia. Upande mmoja wa ukumbi kulikuwa na baa, upande mwingine simu. Alipiga simu makanisani akiomba kukutanishwa na mlevi mwenzake azungumze naye, akapelekwa kwa daktari wa upasuaji, Bob. Bill hakwenda kumwokoa Bob. Alikwenda asije akanywa yeye mwenyewe. Kwa hiyo usidhani barua hii ni hisani. Jumamosi iliyopita nilipita karibu na baa yetu ya zamani, tangu hapo mkono hautulii. Nakuandikia.

Jambo moja la hatari kabla hujaja. Najua asubuhi unatetemeka na kutoa jasho hadi upate ya kwanza. Usiamue kuacha ghafla ukiwa umejifungia nyumbani. Mwili uliozoea pombe kila siku ukinyimwa ghafla unaweza kupata kifafa, ukaona visivyokuwapo, hata ukafa, na siku mbili tatu za mwanzo ndizo mbaya zaidi. Nenda hospitali kwanza, hata PGH, ile hospitali kuu ya Nakuru, waambie kiasi halisi unachokunywa, si kile unachomwambia shangazi. Kuna dawa za kukuvusha siku hizo. Ukishindwa kutoka, piga 1192, namba ya NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, haina malipo.

Shangazi nimemwomba asikuulize kitu. Amekubali kwa shida, unamjua.

Alhamisi saa kumi na nusu nitakuwa kwa yule wa mahindi, nje ya lango. Hata kama umekunywa, njoo. Ukitaka tulizunguke lango mara tatu, tutalizunguka. Hindi nitanunua mimi.