Onga makeo, siyo onga mshi

Zuhura shoga yangu,

Salamu nyingi. Sisi huku wazima, isipokuwa magoti yangu, na hayo ndiyo yamenikalisha leo nikapata nafasi ya kukuandikia. Nimerudi juzi kutoka kwenu. Ndiyo, Lushoto, uliyoniahidi tangu Bakari hajaoa.

Kwanza ugomvi. Mbona hukuwahi kunitajia ile barabara ya kutoka Mombo? Kilomita 30 na ushei, kona juu ya kona, na wenzangu ndani ya basi wanakoroma! Nilifumba macho mpaka Soni. Nikafumbua, maporomoko ya maji haya hapa ubavuni. Nikafumba tena.

Irente nilifika kwa miguu. Jiwe linakwenda, linakwenda, halafu basi, limekwisha. Chini kule Mazinde na mistari ya mkonge, na magari ya barabara ya Moshi utadhani sisimizi. Nilichungulia nikiwa nimelala kifudifudi. Kijana aliyenipeleka akaniuliza, "Dada, unasali?" Nilikuwa nasali.

Na Kisambaa chako kimeniaibisha. Alfajiri nimemwamkia mzee mmoja "onga mshi", akainua uso kulitafuta jua. Kumbe hiyo ni ya mchana, asubuhi ni "onga makeo"! Lakini aibu ile ndiyo iliyonipa mzee, maana alicheka, akanikaribisha kibarazani, akaanza habari za Mbegha: kigego, aliota meno ya juu kwanza, wakamkimbiza kwao Ungulu, akaingia milima hiyo na mbwa wake, akawa anawaulia watu nguruwe waliokuwa wakimaliza mashamba na kuwagawia nyama, mpaka wakampa utawala. Naye simba aliyemuua njiani ndiye aliyempa jina la Simba. Zuhura, miaka yote tumelala chumba kimoja hukunisimulia haya! Ulikuwa unanisimulia tamthilia.

Basi sasa Vuga, mji wa zamani wa watawala wa Wasambaa, haitoki kichwani. Mjini tulionyeshwa nyumba za Mjerumani, tukaambiwa hapa palikuwa Wilhelmstal, watu wakapiga picha. Sawa, ni historia. Ila huko Vuga walikokaa kina Kimweri, watawala wa uzao wa Mbegha, hatukupelekwa, na nilipouliza, ratiba haikuruhusu. Ratiba! Msitu wa Magamba nao tuliukimbia mbio. Mbega niliwaona mikia tu.

Nataka kurudi, safari hii bila kundi. Vuga kwanza, kisha tutembee kwa miguu kutoka Lushoto hadi Mtae, siku tatu au nne, polepole, tukilala njiani. Nahitaji mtu anayeijua lugha kweli, na anayejua kuniambia kona imekwisha nifumbue macho. Usiniletee habari za kazi. Mwaka jana ulisema hivyo hivyo, na mama yako... haya, hayo tutaongea.

Likizo yako lini? Julai baridi yake ikoje, nibebe blanketi? Mama bado ana yale mabuti? Yatanienea? Na wewe, mara ya mwisho kufika kwenu ilikuwa lini hasa? Na lile la Mwajuma ni kweli?

Wako,
Tatu